Nilipinduliwa Nikiwa Ndani ya Nepia

Majina nayakumbuka yote. Ya watu wa upande huu wa kijito na ya watu wa upande ule, waliozaliwa, waliokufa, na wale walioenda mjini wakajipa mengine. Lakini hapa sitaandika hata moja. Wengi bado wako hai na tunachota maji pamoja, na mmoja wao ni mkwe wangu, ambaye kwa mila yetu sipaswi hata kumwangalia usoni.

Kilichonifanya nishike kalamu ni redio. Juzi ilisema wanajeshi wameshika nchi nyingine tena huko magharibi mwa Afrika. Nikaacha kuchambua mboga nisikie vizuri. Msomaji wa habari akataja jina la mkubwa wao, nami nikaliweka pamoja na yale mengine. Nilipokuwa bado mke mchanga, majenerali walikuwa wengi hivi hivi. Marehemu mume wangu alipenda kunitahini: nani ameshika wapi, na alimtoa nani. Yeye alikuwa amesoma, mimi niliishia darasa la nne, lakini kwa majina hakuwahi kunishinda. Halafu wakapungua. Tukaambiwa mambo hayo yamekwisha, siku hizi ni kura. Sasa naona wamerudi, vijana zaidi, na miwani yao nyeusi zaidi, lakini karatasi wanayosoma ni ile ile: tumekuja kwa muda mfupi tu, mpaka hali itulie. Na barabarani watu wanapiga makofi.

Jirani yangu huniuliza, hao wanaopiga makofi wana akili gani? Mimi simjibu haraka. Makofi hayo nimeyasikia kwa masikio yangu mawili, siku niliyopinduliwa.

Chemchemi yetu iko bondeni kati ya vilima viwili. Upande huu ni kwa watu walionioa mimi. Upande ule ni kwa watu waliomwoa binti yangu wa pili. Maji yanatoka chini ya jiwe, yamejengewa simiti, yana bomba moja, na hayajawahi kukauka. Hata mwenye tangi la mvua bado hushuka hapo kwa maji ya kunywa. Pana kamati, na kamati ina mwenyekiti. Mwenyekiti nilikuwa mimi.

Walinichagua kwa sababu ya kichwa changu. Wakati wa kiangazi bomba hupunguza nguvu, na lazima ijulikane nani anamfuata nani. Wengine walijaribu daftari, likalowa. Mimi nilisimama pale nikataja nyumba zote za vilima viwili kwa mpangilio, na nani alichota jana, na nani alisema hajachota kumbe amechota. Wakasema, huyu ndiye. Miaka miwili, wakasema, halafu tunapanga mlolongo tena: kila mtu anasimama nyuma ya anayemtaka.

Miaka miwili ikaisha wakati wa kupanda. Nani aitishe kura watu wakiwa na jembe mkononi? Nikasema tungoje palizi. Palizi ikaisha, nikasema tungoje mahindi yavunwe. Mahindi yakavunwa, ikaja misimu ya matanga, halafu wageni wa Krismasi. Makamu wangu akafariki, Mungu amrehemu, nami kwa kumheshimu sikumweka mtu mahali pake. Nikafanya kazi zote mbili. Katibu alikuwa wifi yangu. Nikiangalia nyuma naona ilifika miaka kumi na moja, na wallahi, kila mwaka nilikuwa na sababu nzuri.

Kulikuwa na mwanamke mmoja tu aliyeuliza. Ni yule anayepika mandazi karibu na shule, mrefu, mwenye pengo, sauti yake inafika kabla yake. Kila Januari aliniuliza mbele ya watu.

"Kukhu, kura ni lini?"

Kukhu kwetu ni nyanya, na alilitamka kwa heshima zote. Kwa hiyo sikumgombeza. Nilimsahau tu kwenye zamu. Mimi, ambaye sisahau jina la mtu, nilimsahau mama mandazi mara tatu kwa wiki moja, akawa anachota wa mwisho, unga wake ukamngoja nyumbani mpaka watoto wa shule wameingia darasani bila mandazi. Nakiri hapa kwa sababu padri ameshachoka kuisikia dhambi hiyo.

Kiangazi kile kikawa kikali. Watu wakasukumana, mitungi ikapasuka, wifi yangu akapigwa na kifuniko. Ndipo mama mandazi akavuka kijito akaenda kumwita mkwe wangu.

Huyo mkwe alikuwa sajenti jeshini. Alistaafu akarudi nyumbani na viatu vilivyong'aa na hana mtu wa kumwamuru. Binti yangu aliniambia kwamba alikuwa akiwapanga bata mstari, na kwamba bata walianza kuelewa. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kuna mahali watu hawajui kupanga foleni, unamponya.

Sasa lazima nieleze mila, maana bila hiyo huwezi kunielewa. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawapeani mkono, hawali pamoja, wala hawasemezani uso kwa uso. Ni heshima, si uadui. Wakikutana kwenye njia nyembamba, mmoja anaingia kichakani mwenzake apite. Na anayeingia ni yeye, kwa sababu mimi ndiye mzazi. Kwa miaka yote aliyomwoa binti yangu, nilikuwa nimemwona mgongo tu, na mgongo wenyewe ukiwa mbioni.

Asubuhi ile nilikuwa nashuka na mtungi wangu nikasikia filimbi. Nikachungulia. Mkwe wangu alikuwa amesimama juu ya simiti ya chemchemi, kofia kichwani, karatasi mkononi, na watu wa vilima vyote viwili wamemzunguka. Hakuwa na mahali pa kukimbilia, na pia hakuwa ameniona. Basi ikanibidi mimi niingie kichakani. Nikajitosa ndani ya nepia, yale majani marefu anayopandiwa ng'ombe wa jirani, nikachutama na mtungi wangu, nepia inanikata masikio.

"Kuanzia sasa," akasoma, "kamati ya zamani imevunjwa. Uchaguzi umesimamishwa. Nitasimamia maji kwa miezi mitatu, mpaka hali itulie."

Makofi yakalipuka. Nikatenga masikio kama mtu anayepepeta mchele: hili kofi ni la nani, hili la nani. Nilimsikia mama mandazi, yake ni makubwa. Nilimsikia mwanamke niliyemzalisha mtoto wake wa kwanza. Na katikati yake, taratibu, nikasikia makofi ya wifi yangu.

Tena nikakumbuka asubuhi moja ya zamani, redio ya nchi yetu wenyewe ilipopiga muziki wa jeshi na kusema serikali imeanguka. Marehemu mume wangu alishusha picha ya rais ukutani akaificha nyuma ya kabati. Jioni tukasikia serikali haikuanguka, akairudisha, ikiwa na utando wa buibui. Nikamtania miaka mingi kwamba picha ile ilipinduliwa saa za kazi tu. Hakupenda utani huo. Ndani ya nepia nikaelewa kwa nini.

Nisiseme uongo: mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Foleni ikanyooka kama mstari wa miwa. Mtaro ukazibuliwa. Akapaka mawe chokaa pande zote mbili za njia, ukishuka unadhani unaenda kumwona gavana. Akaweka geti na kufuli. Hakuna aliyesukumwa, hakuna aliyesahauliwa. Watu walisema mbele yangu kwa makusudi, "Kumbe hii kitu ilikuwanga rahisi!" Nami nilitabasamu nikachota maji yangu mapema kabla hajafika.

Halafu akakataza mazungumzo kwenye foleni. Akasema yanachelewesha. Sijui jeshini wanachota maji kwa sababu gani, lakini sisi maji ni nusu ya safari. Pale ndipo unajua nani ameposwa, ng'ombe wa nani amezaa, dawa ya kikohozi ni ipi. Tukawa tunasimama kimya kama mitungi yenyewe. Aliyecheka alirudishwa nyuma. Mama mandazi, ambaye kunyamaza kwake ni ugonjwa, alirudishwa nyuma kila siku. Zile mara tatu zangu kwa wiki akaanza kuziona neema.

Miezi mitatu ilipoisha, akapanda tena juu ya simiti. Nami tena nilikuwa ndani ya nepia, maana nilishajua mahali pangu. Akasema hali bado haijatulia vizuri. "Tungoje," akasema, "mahindi yavunwe."

Nilishika mdomo. Yalikuwa maneno yangu, na hakubadilisha hata moja.

Kilichoharibu kila kitu kilikuwa kifo. Mzee mmoja wa upande wetu alifariki, mtu mzuri, na nyumba ikajaa waombolezaji. Sasa kwetu nyumba yenye msiba haipangi foleni. Hilo halikuandikwa popote, halihitaji kuandikwa. Ukiona mwanamke kutoka nyumba hiyo anashuka na mtungi, unasogea, na ukiwa mtu wa watu unamtwika. Dada wa mjane walishuka na mitungi kumi na miwili. Mkwe wangu akaangalia karatasi yake.

"Kila nyumba mitungi miwili."

"Lakini ni matanga, afande."

"Sheria haina matanga."

Wakapanda na miwili. Maji mengine wakateka kwenye kijito, pale ng'ombe wanapovukia. Chai ya msiba ule ilikuwa na rangi kabla ya majani kuwekwa. Watu walitoka mbali huko Likuyani kuja kumzika mzee, wakanywa maji ya vyura. Walikunywa kwa heshima, wakatutazama, na hakuna aibu inayozidi kutazamwa hivyo na wageni. Kila mtu aliyepiga makofi aliangalia kikombe chake.

Baada ya mazishi, mama mandazi alikuja kwangu. Alikaa chini kwenye mkeka ingawa nilimpa kiti.

"Kukhu, nilikosea."

"Ulikosea wapi, mama? Foleni imenyooka."

"Usinicheke. Tumejaribu kumwambia. Amesema anayetaka mkutano ataandikwa jina."

"Na mimi nifanye nini? Hata kusema naye siruhusiwi."

Akanyanyua macho, pengo likaonekana. "Ndiyo maana nimekuja kwako. Kijiji kizima ni wewe tu ambaye anakutorokanga."

Usingizi ulikuwa mtamu baada ya maneno hayo. Nilijua la kufanya, na nilijua pia ninachokitaka. Nilitaka kiti changu. Wamekuja wenyewe, nikajiambia, wameona tofauti.

Asubuhi nikachukua kigoda, nikatangulia kabla ya jua, nikakiweka katikati ya geti la chemchemi nikakikalia. Akaja na funguo na filimbi. Nilisikia viatu vikishuka kwenye mawe yake meupe, kwa, kwa, kwa, halafu vikanyamaza. Halafu nikasikia nepia ikipasuka. Nepia ile ile.

Wanawake walikuwa wameanza kufika. Hakuna aliyecheka kwa sauti, lakini mabega yalikuwa yanacheka. Filimbi ikalia kutoka kwenye majani. Hakuna aliyejipanga. Ikalia tena. Ng'ombe wa jirani akaitikia.

Mwishowe binti yangu akaletwa, akiwa na mtoto mgongoni na ameudhika. Akasimama katikati, mimi huku na majani yale huko, hatua zisizozidi kumi.

"Mwambie mama," nepia ikasema, "kwa heshima, aondoke getini."

"Mama, anasema kwa heshima uondoke getini."

"Nimesikia, sijawa kiziwi. Mwambie baba watoto wako, kwa heshima, kwamba nimechoka, napumzika."

"Baba watoto, anasema anapumzika."

"Muulize atapumzika mpaka lini."

"Mwambie mpaka hali itulie."

Hapo mabega yakashindwa, wanawake wakacheka kicheko ambacho bonde lile halikusikia tangu Januari. Hata binti yangu alicheka, mtoto akatikisika mgongoni. Nepia ikatikisika. Halafu sauti ikaja, ya chini kidogo.

"Muulize, nikiachia, nani atashika? Aliwahi kuona hapa palivyokuwa? Watu walikuwa wanapigana na vifuniko."

Niliisubiri hiyo. Nikajinyoosha kwenye kigoda. "Mwambie nitashika mimi, kama zamani."

Binti yangu akamkaza mtoto mgongoni. Nikamgeukia.

"Mbona hupeleki?"

"Hilo sitalipeleka, mama."

Nikaangalia wanawake. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Wifi yangu alikuwa anakagua kifuniko cha mtungi wake kana kwamba hajawahi kukiona. Mama mandazi ndiye aliyesogea, akachutama karibu na kigoda changu, na kwa mara ya kwanza maishani akasema kwa sauti ndogo.

"Kukhu, yule tulimwita kwa sababu yako."

Si kwamba sikujua. Lakini kujua kitu na kuambiwa na mtu aliyechutama mbele yako, kwa heshima, ni mambo mawili. Niliangalia mikono yangu. Nikafikiria miaka kumi na moja, na sababu zangu zote nzuri, na mandazi yaliyochelewa. Nilitaka kukasirika, nikakosa wa kumkasirikia.

"Basi pangeni mlolongo," nikasema. "Leo, hapa hapa."

Mimi nikasimama upande wa geti. Mkwe wangu akatuma neno kwamba na yeye anagombea, wanaomtaka wasimame karibu na nepia. Na mama mandazi akasukumwa mbele na wenzake, akisema hataki, hataki, huku anajifunga leso vizuri kiunoni.

Binti yangu alienda kusimama karibu na nepia, maana lazima arudi nyumbani jioni. Pamoja naye mwanamke mmoja anayependa mawe meupe. Nyuma yangu alikuja wifi yangu, nadhani kwa ajili ya yale makofi, na bibi mmoja kizee ambaye haoni vizuri na alidhani ni foleni ya maji. Nyuma ya mama mandazi mstari ulipanda kilima, ukapita mipera, ukapinda, sikuona mwisho.

"Nani atahesabu?" mtu akauliza.

Wote wakaniangalia. Kwa hiyo ni mimi niliyetembea kupanda mstari ule, nikitaja jina la kila mmoja na jina la mama yake, mpaka juu. Sikumruka hata mtu. Nilipofika mwisho nikashuka, nikasema kwa sauti kwamba mwenyekiti ni mama mandazi, miaka miwili. Kutoka kwenye nepia funguo zikarushwa, zikaanguka miguuni pa binti yangu. Hakuna aliyepiga makofi. Watu walianza kuzungumza tu, wote kwa pamoja, na mitungi ikajaa.

Mkwe wangu hakuweka kinyongo. Bado anapaka mawe chokaa kila Pasaka, na hakuna aliyemwambia aache. Mimi hutaja zamu wakati wa kiangazi, lakini funguo sishiki. Ninaposikia redio ikisema habari za wale wenye miwani nyeusi, najiuliza kama huko kwao hakuna mama wakwe. Halafu najiuliza swali la pili, ambalo silipendi sana: waliotolewa, walikuwa wamengoja mahindi mangapi?

Mwezi uliopita mwenyekiti wetu alinikuta njiani na beseni la mandazi. Akanipa mawili ya moto bila kuombwa, nikajua kuna jambo.

"Kukhu, ile kura yetu," akasema. "Naona watu wana kazi nyingi shambani. Au tungoje mahindi yavunwe?"

Nilikula mandazi yote mawili, yalikuwa matamu. Nikamshukuru, nikaenda zangu. Kesho yake nikatoa kigoda nyuma ya mlango, nikakipangusa, nikateremka nacho, nikakaa katikati ya geti.

Jua lilikuwa limeanza kuchoma binti yangu alipokuja na mwavuli mweusi.

"Mwavuli umetoka kwa baba watoto," akasema. "Ameona umeteremka. Anasema anajua wewe ukikaa, umekaa."

Nikaufungua. Mwenyekiti akafika na mtungi, akaniona, akasimama, akautua chini.

"Kukhu, kuna nini?"

"Hakuna, mama. Nahesabu siku tu."

"Zimebaki ngapi?"

"Kumi na tisa."

Aliangalia kigoda, akaangalia mwavuli, akaangalia nepia, ambayo ilikuwa inatikisika ingawa hapakuwa na upepo. Akaguna.

"Haya," akasema. "Siku hiyo tunapanga mlolongo, hata ikinyesha."

Nikasogeza kigoda apite.